Madude yote ni mabingwa, mbona nashindwa?

SWALI: Assalamu alaykum kaka. Mimi ni kijana wa Langoni, hapa hapa Lamu. Nacheza Pokémon, ule mchezo wa kupiganisha madude, kwenye simu kupitia tovuti ya Pokémon Showdown, vita vya wawili kwa wawili. Timu yangu ni Charizard, Dragonite, Salamence, Garchomp, Gyarados na Lucario. Wote wana nguvu, na kila mmoja nimemjaza pointi za kupiga na za mbio. Juzi nimepigwa mara 11 mfululizo, mara nyingine hata zamu ya tano haifiki. Dragonite simtoi, nampenda tangu utotoni. Je, nimwongeze nani ili timu iwe na mizani?

JIBU: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Mimi nakaa Mkomani, kwa hiyo ukiona nakusema sana usidhani ni utani wetu wa mtaa na mtaa. Huna wa kuongeza. Una wa kutoa, tena wanne, na kabla hujakasirika nipe nafasi nikuonyeshe unavujia wapi.

Tuhesabu. Madude haya yana aina 18, kama moto, maji na barafu. Mchezo ulipotoka Japani mwaka 1996 zilikuwa 15. Giza na chuma zikaongezwa 1999, na ile ya vichimbakazi ikaingia 2013. Dude likipigwa na aina linayoiogopa, maumivu huwa mara mbili. Likiwa na aina mbili na zote zinaogopa kitu kimoja, huwa mara nne. Haya chukua barafu. Dragonite, Salamence na Garchomp, kila mmoja barafu humpiga mara nne. Hiyo ni nusu ya timu. Chukua mwamba: Charizard mara nne, halafu Dragonite, Salamence na Gyarados mara mbili mbili. Wanne kati ya sita. Na lile pigo la Rock Slide huwaangukia wawili wako wote kwa pamoja, na kila linayempata, kama hajacheza zamu yake, ana asilimia 30 ya kushtuka akaipoteza kabisa.

Mpinzani wako, kwa hiyo, hahitaji kuwa fundi. Awe na barafu moja na mwamba mmoja, kazi imekwisha. Wewe wasema umepigwa mara 11. Mimi naona umepigwa mara moja, ikarudiwa mara 11.

Najua ulivyochagua, maana na mimi nilichagua hivyo hivyo. Ulitazama jumla ya nguvu. Dragonite, Salamence na Garchomp wana jumla ya 600 kila mmoja, Gyarados 540, Charizard 534, Lucario 525. Kwa karatasi, hiyo ni timu ya kutisha. Lakini umewahi kuiona mashua ya mashindano hapa bandarini, mabaharia wake wote wakiwa na misuli na wote wamekaa upande mmoja? Upepo ukigeuka, ile misuli ndiyo inayoizamisha.

Sasa lile ambalo hukuliuliza, na ndilo ningependa ulishike kuliko yote: huyu akitishwa, nani atampokea?

Mchezo huu unakuruhusu, badala ya kupiga, kumrudisha dude lako na kuleta jingine. Anayeingia ndiye anayelipokea pigo lililokuwa linamwendea aliyetoka. Akiwa ni mtu wa kulipokea nusu, au robo, au halimdhuru kabisa, umemla mpinzani zamu nzima bila kutoa jasho. Wachezaji wazuri hushinda hapo, kwenye kuingia na kutoka, zaidi ya kwenye mapigo. Turudi kwako: Dragonite ametishwa na barafu. Anaingia nani? Salamence na Garchomp hawawezi, wao ni wagonjwa wa maradhi yale yale. Charizard na Gyarados wataipokea barafu nzima. Amebaki Lucario peke yake, ambaye chuma chake huikata barafu nusu, lakini uhai wake ni 70 na kinga zake zote mbili, ya mapigo ya mwili na ya mapigo yasiyo ya mwili, ni 70. Huyo ameumbwa apige, hakuumbwa kupigwa. Basi timu nzima ina mlango mmoja wa kutokea, nao ni mwembamba.

Mgeni wa bao pale Mkunguni utamjua kwa kitu hicho. Anatazama kete atakazokula, hatazami kichwa chake alichokiacha wazi. Wazee wanamwacha ale kwanza.

Haya, tujenge. Anza na mafiga matatu, maana chungu hakikai juu ya mawili: moto, maji na majani. Maji unayo tayari, Gyarados abaki. Moto umlete Incineroar, majani umlete Amoonguss. Sasa tazama wanavyopokeana. Incineroar anaogopa maji. Amoonguss maji huyapokea nusu. Incineroar anaogopa ardhi. Gyarados anaruka, ardhi haimgusi. Amoonguss anaogopa moto na barafu. Moto Gyarados anaupokea nusu na Incineroar vile vile, na barafu Incineroar anaipokea nusu. Gyarados anaogopa umeme kuliko mauti, mara nne. Amoonguss anaupokea nusu.

Juu ya mafiga hayo weka jozi ya pili, joka na chuma. Dragonite wako anaogopa vitu vinne: barafu, mwamba, majoka wenzake na vichimbakazi. Gholdengo, ambaye ni chuma na mzimu, anavipokea vyote vinne nusu nusu. Yeye anaogopa moto, ardhi, mizimu na giza. Moto Dragonite anaupokea nusu, ardhi haimpati, na mizimu na giza ni chakula cha Incineroar. Ukiichora kwenye karatasi utaona mishale inakwenda na kurudi kama kina mama wanaopitishiana vyombo siku ya harusi.

Wa sita ni Flutter Mane, nitakueleza sababu nikifika kwenye mbio.

Charizard, Salamence, Garchomp na Lucario wanapumzika. Najua inauma.

Labda sasa waniuliza: huyu Amoonguss, uyoga, dude la kutambaa lenye mbio 30 za kuzaliwa, kweli ndiye wa kuchukua nafasi ya Garchomp? Acha nikupe kisa ambacho kila mchezaji wa mchezo huu anakijua. Mwaka 2014, kwenye mashindano ya dunia kule Washington, Mkorea Se Jun Park alileta kwenye timu yake Pachirisu, kindi mdogo wa umeme mwenye jumla ya 405. Watu walicheka. Lakini ndani ya timu hiyo alikuwamo Gyarados, huyu huyu wako anayekufa kwa umeme. Kindi yule alikuwa na pigo la Follow Me, ambalo huyavuta kwake mapigo yanayomlenga mwenzake, na kipaji cha Volt Absorb, ambacho hugeuza umeme kuwa uhai. Basi anayetaka kumpiga Gyarados umeme anajikuta anamlisha kindi. Park akawa bingwa wa dunia. Salamence wako ana alama karibu 200 zaidi ya yule kindi na asingeweza kuifanya kazi ile hata kwa dawa.

Amoonguss ni wa kabila hilo. Rage Powder yake huvuta mapigo kama Follow Me, na Spore yake humlaza mpinzani usingizi bila kukosea hata mara moja, isipokuwa madude ya majani, ambao poda zote mbili haziwashiki. Ndiye punda wa timu. Hapa mjini jiwe na mchanga wa kujengea havifiki vichochoroni ila kwa punda, na siku ya kuhamia nyumba mpya hakuna anayemkaribisha sebuleni. Incineroar naye ana kazi tatu kwa mpigo mmoja: akiingia tu, kipaji chake cha Intimidate huwapunguzia wapinzani wote wawili theluthi ya nguvu ya kupiga kwa mwili, zamu yake ya kwanza uwanjani ana Fake Out, inayomshtua mmoja akakosa kucheza, na Parting Shot humdhoofisha mpinzani kisha yeye mwenyewe akatoka. Akirudi baadaye, anaanza upya. Ukimzoea huyo hutatoka bila yeye.

Nisikudanganye kwamba timu hii haina tundu. Mwamba bado unaiuma: Dragonite, Gyarados na Incineroar wote wanauogopa, na anayeupokea ni Gholdengo peke yake. Tena Rage Powder haivuti Rock Slide, kwa sababu pigo hilo linawaangukia wote wawili, halina mtu maalumu wa kuvutwa kutoka kwake. Dawa yako ni Intimidate, kwa kuwa Rock Slide ni la mwili. Incineroar anayo, na Gyarados anayo pia, wengi hulisahau hilo. Timu isiyo na tundu sijaiona. Tofauti ni kwamba tundu hili unalijua kabla ya kuingia vitani.

Tuje kwenye mbio. Hapa ndipo vijana wengi hupoteza pesa za bando. Garchomp wako, hata umjaze mbio mpaka pomoni, kwenye leveli ya 50 anafika 169. Flutter Mane anafika 205. Kwa hiyo yale mambo ya kumpa kila mtu pointi za mbio, ukikutana na mwenye mbio za kuzaliwa, zote umezitupa baharini. Mbio za timu hazitafutwi mguuni tu. Kuna kuwapunguzia wapinzani: Icy Wind hupiga wote wawili na kuwakata theluthi ya mbio. Kuna Tailwind, upepo wa nyuma, unaozidisha mbio za upande wako mara mbili kwa zamu nne. Na kuna Trick Room, inayopindua mambo kwa zamu tano, mwenye mbio ndogo akawa ndiye anayetangulia. Katika timu yako ya zamani umeniandikia pointi za mbio tu, basi nadhani hivi vyote hukuwa navyo.

Ndiyo maana ya Flutter Mane. Ana mbio kweli, pigo la joka halimgusi, na anaweza kubeba Icy Wind. Dragonite kwa upande wake mpe Extreme Speed, pigo linalotangulia karibu kila kitu bila kujali nani ana mbio. Huyo awe mmaliziaji, wa kumpitia aliyebakiwa na uhai mdogo. Kipaji chake kiwe Multiscale, akiwa hajaguswa, maumivu ya kwanza hukatwa nusu. Na mpinzani akikuletea Trick Room, usitaharuki. Mlete Amoonguss na mbio zake 30. Ghafla mzembe wako ndiye wa kwanza kucheza, na Spore inafika kabla yao hawajanyanyua mkono.

Ngoja nijicheke na mimi mwenyewe kidogo. Kuna wakati nilijenga timu ya mvua. Pelipper analeta mvua akiingia tu, mapigo ya maji yanapanda kwa nusu, na wale wenye kipaji cha Swift Swim mbio zao zinakuwa mara mbili. Nilishinda nikavimba kichwa. Kisha nikakutana na mtu mwenye Torkoal, kobe wa moto mwenye mbio 20, anayeleta jua. Tukawatoa pamoja zamu ya kwanza. Mimi nikafurahi, maana Pelipper wangu ana mbio 65, nikajua nitamtangulia. Nilimtangulia kweli. Mvua ikanyesha, halafu kobe wake akaleta jua juu yake, jua likabaki! Wakiingia pamoja, mwenye mbio hufungua hali yake kwanza, na mzito anaifuta kwa kuja nyuma yake. Maji yangu yakakatwa nusu, moto wake ukapanda, na nusu ya timu yangu ilikuwa haijui kufanya jambo jingine ila kusubiri mvua. Ni kama mtu aliyejua kusafiri kwa kusi tu, ikamkuta kaskazi.

Tangu siku hiyo, nikiona timu yenye njia moja ya kushinda huwa naiuliza: ikizibwa? Na hapa kanuni za mashindano rasmi zinakusaidia kufikiri, hata kama unacheza simuni barazani. Unakuja na sita, mnaonyeshana, halafu kila mmoja anachagua wanne tu wa kuingia nao. Sikiliza vizuri: sita wako hawachezi pamoja hata siku moja. Unachojenga ni makundi ya wanne wanne. Kwa hii niliyokupa, mtu mwenye madude ya mbio mletee Incineroar na Flutter Mane mbele, Gholdengo na Dragonite nyuma. Mtu mwenye madude mazito ya Trick Room mletee Amoonguss na Incineroar mbele, Gyarados na Gholdengo nyuma. Ukiona kuna dude ambalo mara kumi hukulichagua hata mara moja, hilo ndilo la kubadilisha, hata kama ni zuri. Usisahau pia kwamba kanuni hizo haziruhusu madude mawili kushika kifaa cha aina moja, na kwamba orodha ya wanaoruhusiwa hubadilika kwa msimu. Siku Flutter Mane akizuiwa, tafuta mwingine wa mbio, lakini nafasi ile isiachwe tupu.

Pointi za mazoezi, hizo unazojaza, sitazirefusha. Kila dude lina 510, na sehemu moja haipiti 252. Kwenye leveli ya 50, pointi 4 za kwanza hukupa alama moja, baada ya hapo kila 8 hukupa moja, kwa hiyo 252 ni alama 32. Wapigaji wa mbio wape ulivyozoea. Incineroar na Amoonguss wajaze uhai kwanza, kinachobaki kiende kwenye kinga. Nimeona watu wanampa Amoonguss mbio. Sijui anakimbilia wapi.

Kama unacheza kwa kanuni za Scarlet na Violet, matoleo ya Pokémon yaliyotoka 2022, kila upande unaweza kumgeuza dude mmoja aina mara moja kwa pambano. Wanaoanza hutumia hilo kuongeza pigo. Wewe litumie kwanza kuziba. Dragonite akigeuka chuma, barafu, mwamba na vichimbakazi vyote vinampiga nusu, na mpinzani aliyejiandaa kummaliza kwa Icy Wind anabaki kinywa wazi. Akigeuka aina ile iitwayo ya kawaida, Extreme Speed, ambayo ni ya aina hiyo, inakuwa ya aina yake mwenyewe na kuongezeka kwa nusu. Mimi ningeanza na chuma.

Sasa kazi ya nyumbani. Chukua karatasi, hata nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Safu sita za majina juu, mistari 18 ya aina kando. Palipo na udhaifu tia mkasi, palipo na kupokea tia duara. Mstari wenye mikasi mitatu na duara moja tu, au bila duara, ni mlango wazi. Fanya kwanza kwa timu yako ya zamani ili ujionee, halafu kwa hii. Usiniamini kwa maneno.

Kisha cheza mapambano 20 bila kubadilisha mtu. Ishirini, sio matatu. Ukibadilisha kila ukipigwa, hutajua kama aliyekosea ni timu au ni wewe, na mara nyingi mwanzoni ni wewe, kwa sababu hujazoea kutoa mtu uwanjani. Kila ukishindwa andika mstari mmoja: nani alikufa kwanza, na kwa pigo la aina gani. Andika papo hapo, kabla stima haijakatika na hasira haijakusahaulisha. Ukimaliza niletee hiyo karatasi. Nitakachotazama mwanzo ni zamu unayomleta Amoonguss. Ikiwa anaingia wa mwisho kila mara, wenzake wote wameshakufa, basi bado unamcheza kama akiba.

Garchomp usimfute. Ukiona katika ile mistari 20 Gyarados anakufa kwa umeme tena na tena, mjaribu Garchomp mahali pake, kwa kuwa umeme kwake si kitu kabisa. Ila siku hiyo uhesabu barafu upya.